Waya Juu ya Meza: Historia ya Tramu na Treni Ndogo za Umeme Nchini Marekani

Wanaoandika juu ya reli za mfano, yaani reli ndogo zinazojengwa mezani kwa kuiga zile zinazobeba abiria na mizigo, kwa kawaida huanza na treni kubwa kisha hushukia kwenye mfano wake, kana kwamba kidogo hakina kazi nyingine ila kufuata kikubwa. Kwa tramu za umeme mambo yalikwenda kinyume, kwa sababu kidogo ndicho kilichotangulia. Mwaka 1835 Thomas Davenport, mhunzi wa mji wa Brandon katika jimbo la Vermont nchini Marekani, alitengeneza kigari kilichozunguka juu ya njia ya duara kwa nguvu ya mota aliyoibuni mwenyewe, na mwaka 1837 akapewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Kigari hicho hakikubeba mtu, wala Davenport hakutajirika nacho, maana betri za wakati ule zilikula zinki kwa gharama iliyozidi kwa mbali bei ya makaa ya mawe. Lakini kilionyesha kwamba umeme unaweza kuendesha gari juu ya reli, zaidi ya miaka 50 kabla ya mji wowote wa Marekani kufaulu kuendesha mtandao mzima wa tramu kwa njia hiyo.

Mji uliofaulu ni Richmond, Virginia, ambako tarehe 2 Februari 1888 Frank J. Sprague, ofisa wa zamani wa jeshi la majini aliyewahi kufanya kazi kwa Thomas Edison, alifungua tramu zilizoweza kupanda vilima vyenye mwinuko wa karibu asilimia 10. Hakuwa wa kwanza kujaribu: Werner von Siemens alikwisha kuonyesha treni ya umeme mjini Berlin mwaka 1879, na Charles Van Depoele, mzaliwa wa Ubelgiji, alikuwa ameendesha tramu zake Montgomery, Alabama, tangu 1886. Sifa ya Sprague ni kuviunganisha vipande vilivyokuwa vimetawanyika viwe mfumo mmoja wa kutegemewa, wenye waya uliotandazwa juu ya barabara; upondo, yaani ufito mrefu uliosimikwa juu ya paa na kusukumwa na springi ili kigurudumu cha nchani kigandame chini ya waya; mota zilizoning'inizwa kwenye ekseli; na reli zenyewe zikiurudisha umeme kwenye mtambo. Msomaji aliyepanda SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ameuona waya wa jamii hiyo, ingawa ule hubeba volti 25,000 za mkondo geu na hupokewa na kifaa kipana kinachokunjuka, ilhali tramu za Marekani kwa kawaida zilitumia volti 600 hivi za mkondo mnyoofu, yaani umeme usiobadili mwelekeo, na kigurudumu cha upondo kilikuwa chembamba kiasi kwamba kosa dogo la mwendo liliweza kukitoa kwenye waya wake.

Haikupita miaka kumi kabla ya ufundi huo kuingia sebuleni. Mnamo miaka ya 1896 na 1897 kampuni ya Carlisle & Finch ya Cincinnati, Ohio, ilianza kuuza kigari cha umeme kilichokwenda juu ya vipande vyembamba vya chuma vilivyosimamishwa kwenye mataruma madogo ya mbao, kwa upana wa inchi 2 kati ya reli na reli. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kichezeo cha kwanza cha treni ya umeme kufaulu sokoni Marekani, na ni jambo la kuzingatiwa kwamba hakikuwa garimoshi, bali tramu. Mnunuzi hakuwa akikumbuka zama zilizopita. Alikuwa akiletewa mezani chombo kipya kuliko vyote vilivyokuwa barabarani. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme bado, kwa hiyo kichezeo kilitumia betri za majimaji ambazo mzazi alilazimika kuzichanganya mwenyewe kwa tindikali, na mtu wa leo atashangaa kwamba kazi hiyo ilichukuliwa kuwa sehemu ya mchezo.

Joshua Lionel Cowen, aliyeanzisha kampuni ya Lionel huko New York mwaka 1900, aliipitia njia hiyohiyo. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa kibehewa cha wazi cha kuvutia macho kwenye madirisha ya maduka, na husimuliwa kwamba wateja walikitaka chenyewe kuliko vitu vilivyopakiwa ndani yake. Muda mfupi baadaye akatoa tramu, na mwaka 1906 akaleta njia yenye reli tatu, ambapo reli ya katikati ndiyo iliyopeleka umeme. Kuanzia hapo garimoshi likatawala soko la vichezeo, tramu ikabaki pembeni ya katalogi, na si vigumu kuona sababu: tramu ni gari moja, na mwenye kiwanda hupata faida kubwa zaidi kwa kuuza kichwa kimoja kisha mabehewa kumi, moja kila sikukuu.

Wakati huo huo tramu zenyewe zilikuwa zikitoka nje ya miji. Treni za mji kwa mji, yaani magari makubwa ya umeme yaliyopita katikati ya barabara za mjini kama tramu yoyote kisha yakaongeza mwendo mashambani hadi mji unaofuata, zilienea hasa kwenye nchi tambarare ya Ohio na Indiana. Zilisimama hata kwenye lango la mkulima, zilipakia makopo ya maziwa na vifurushi vya magazeti, na nauli zao zilikuwa chini ya zile za reli za mvuke. Indianapolis ilifungua kituo kikubwa cha treni hizo mwaka 1904. Ohio peke yake ilifikia zaidi ya kilomita 4,400 za njia. Na ilipofika 1916 nchi nzima ilikuwa na kilomita 25,000 hivi. Upande wa magharibi, Henry Huntington aliunda Pacific Electric mwaka 1901, na magari yake mekundu yakaifungua ardhi ya pembezoni mwa Los Angeles, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ikiuzwa na kampuni zake mwenyewe.

Kisha ikaja anguko, na lilikuja haraka. Gari dogo la familia, barabara za lami zilizojengwa kwa kodi za umma, na mdororo wa uchumi uliofuata 1929 viliziua njia nyingi kabla hazijamaliza kulipa madeni ya ujenzi wake. Kampuni kadhaa zilijaribu kujiokoa kwa vyombo vipya. Wakuu wa kampuni za tramu walishirikiana kubuni gari la kisasa lililoitwa PCC, ambalo liliingia kazini Brooklyn mwaka 1936, na magari ya aina hiyo yakajengwa karibu 5,000 Marekani na Kanada. Na kampuni ya Chicago North Shore and Milwaukee ikapokea mwaka 1941 treni mbili za Electroliner, zenye vyumba vinne vilivyoungana, ambazo ziliweza kupenya kona kali za reli iliyoinuliwa juu ya mitaa ya Chicago na bado zikaenda kasi uwanda ulipofunguka. Hata hizo hazikutosha. Kampuni ya Chicago, Aurora and Elgin ilisimamisha huduma ya abiria adhuhuri ya tarehe 3 Julai 1957, mara tu mahakama ilipoiruhusu, na watu waliopanda asubuhi kwenda kazini wakakosa treni ya kurudi nyumbani. Pacific Electric ya zamani ilipoteza njia yake ya mwisho ya abiria, ile ya Long Beach, mwaka 1961, na North Shore ikafungwa tarehe 21 Januari 1963.

Ni katika kipindi hicho hicho cha kufa kwa njia kubwa ambapo kazi ya reli ndogo ilipata vyombo vyake. Jarida la Model Railroader lilianza Milwaukee mwaka 1934 chini ya Al C. Kalmbach, chama cha kitaifa cha wajenzi wa reli za mfano, NMRA, kiliundwa katika mji huohuo mwaka 1935, wapenzi wa reli za umeme walikuwa na chama chao New York tangu 1934, na wa Chicago wakaunda Central Electric Railfans' Association mwaka 1938, ambayo machapisho yake yenye ramani, picha na michoro ya magari yakawa hazina ya kila aliyetaka kujenga. Mwaka 1939 kundi la vijana lilinunua gari namba 31 la kampuni ya Biddeford na Saco katika jimbo la Maine lisije likavunjwa, na ununuzi huo ukawa mwanzo wa jumba la makumbusho la Seashore. Kwa hiyo aliyejenga tramu ya sentimita chache na aliyeokoa ile ya mita kadhaa mara nyingi walikuwa watu wa duara moja, waliopeana michoro na vipimo. Haishangazi kwamba kitabu kikubwa cha William D. Middleton juu ya zama za treni za mji kwa mji, cha 1961, kilitolewa na Kalmbach, mchapishaji wa wajenzi wa mezani.

Hapa pana tofauti ambayo historia nyingi za kazi hii huipita haraka mno. Garimoshi la mezani ni maigizo: ndani ya tumbo lake hamna moto wala maji, bali mota ya umeme inayojifanya mvuke. Tramu ya mezani haijifanyi chochote. Umeme huingia kwa waya wa juu, hushuka kwa upondo, huzungusha mota na kurudi kwa reli, kama Richmond mwaka 1888, ila volti ni 12 badala ya 600. Faida ya uhalisia huo si heshima tu. Katika reli ndogo za kawaida zenye mkondo mnyoofu, reli moja huwa chanya na nyingine hasi, na mwelekeo wa treni hutegemea reli ipi ni ipi. Njia ikipinda na kujirudia yenyewe, reli chanya hukutana na reli hasi na shoti hutokea, isipokuwa mjenzi akate reli na kuweka swichi za ziada. Anayetumia waya wa juu huziunganisha reli zote mbili kuwa upande mmoja wa sakiti na kuufanya waya upande wa pili, hivyo gari linaweza kuzunguka kitanzi na kurudi lilikotoka bila mafundo ya nyaya chini ya meza. Reli tatu za Lionel zilitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine, lakini kwa gharama ya reli ya katikati ambayo tramu nyingi za kweli hazikuwa nayo.

Nafasi ni faida ya pili. Tramu za mjini zilipiga kona zenye nusukipenyo cha mita 13 hivi, kwa kuwa zililazimika kugeuka ndani ya njia panda ya mitaa miwili. Katika skeli ya HO, ambayo ni moja kwa 87 na ndiyo iliyoenea kuliko zote, kona hiyo ni sentimita 15 tu. Mjenzi wa garimoshi katika skeli hiyo mara nyingi huanzia sentimita 46, na hata hizo ni sawa na mita 40 tu za ardhini, kona ambayo treni kubwa ya abiria isingethubutu kuiingia. Kwa maneno mengine, mwenye chumba kidogo akijenga njia kuu ya mvuke hudanganya tangu kona ya kwanza, ilhali akijenga mtaa wenye tramu anaweza kuwa mkweli kwa kila kipimo.

Ukweli huo una vichekesho vyake. Skeli ya O ya Marekani, ambayo ni moja kwa 48, ilirithi kutoka kwa watengenezaji wa vichezeo reli zenye upana wa inchi moja na robo. Ukizidisha mara 48 unapata mita 1.524, ilhali reli za kawaida za Marekani zina upana wa mita 1.435. Wajenzi wengine wamelalamikia tofauti hiyo kwa miongo mingi. Lakini Philadelphia, kama miji mingine ya Pennsylvania, ilikuwa na tramu za upana wa mita 1.58 hivi, uliochaguliwa makusudi ili kampuni za mvuke zisiweze kuingiza mabehewa ya mizigo katika mitaa ya mji, na kwa anayejenga tramu za huko kosa la O linakaribia zaidi ukweli kuliko usahihi wa wengine.

Ugumu unaanzia kwenye gari lenyewe. Tramu ni chumba cha vioo, na anayeitazama huona hadi upande wa pili, kwa hiyo mota haiwezi kujazwa katikati kama katika garimoshi lenye tangi kubwa la mvuke. Lazima ijifiche chini ya sakafu, karibu na magurudumu. Gari la Birney, tramu ndogo iliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili iendeshwe na mtu mmoja tu, lilikuwa na urefu wa mita 8.5, ambazo katika HO ni chini ya sentimita 10, na magurudumu ya sentimita 66 yakawa chini ya milimita 8. Kwa miaka mingi hapakuwa na mota ya kutosha katika nafasi hiyo, na ndiyo maana wajenzi wengi wa kabla ya Vita Kuu ya Pili walikimbilia skeli ya O, ambako mbao, kadibodi na vipande vya shaba viliwapa nafasi ya kupumua.

Waya ndio mtihani mkuu. Waya wa kweli una unene wa milimita 12 hivi, ambao ukipunguzwa mara 87 unakuwa kama unywele na hauwezi kuhimili msukumo wa upondo. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia waya wa aloi ya shaba na bati wenye unene wa karibu nusu milimita, mnene mara tatu au nne kuliko inavyostahili, na jicho husamehe. Nguzo huegemezwa nyuma kidogo ili mvuto wa waya uzisimamishe wima. Kwenye kona waya hauwezi kupinda kwa ulaini, bali huvutwa kwa nyaya za pembeni ukawa mistari mifupi iliyonyooka inayoungana kwa pembe, na huwekwa ndani kidogo ya mstari wa katikati ya njia, kama wahandisi wa tramu za kweli walivyofanya, la sivyo upondo hutoka. Pale njia mbili zinapoachana, kipande kidogo cha chuma kinacholehemiwa juu ya njia panda ndicho kinachoamua upondo ufuate waya upi, na mahali pake hupatikana kwa kusukuma gari kwa mkono, kutazama, kulehemu, kulehemua na kurudia.  Vilabu kama East Penn Traction Club cha Pennsylvania viliweka viwango vya urefu wa waya na vya maungio, ili vipande vya reli vilivyojengwa na watu tofauti viweze kuunganishwa ukumbini vikawa mji mmoja.

Biashara ilifuata kwa kusitasita. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Suydam ya California iliagiza kutoka Japani magari ya Pacific Electric yaliyotengenezwa kwa shaba. LaBelle ikauza vifurushi vya mbao za kuunganisha. Bowser na Bachmann baadaye wakaleta tramu za HO ambazo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kununua. Lionel ilirudi kwenye tramu mwaka 1955 kwa kigari namba 60, kilichogeuza mwendo kila kilipogonga kizuizi, na tangu 1968 mamilioni ya watoto walikiona kigari chekundu kwenye kipindi cha televisheni cha Fred Rogers kutoka Pittsburgh, kikipita kati ya nyumba yake na nchi ya kufikirika.

Lipo hata hivyo jambo ambalo miji ya mezani hailionyeshi kwa kawaida, na halifai kunyamaziwa. Richmond hiyohiyo ya Sprague ndiyo ambako mwaka 1904 Wamarekani weusi, wakihimizwa na mhariri John Mitchell Jr. na mwanabenki Maggie L. Walker, waligoma kupanda tramu kwa sababu kampuni iliamua kuwatenga viti kwa rangi. Mjenzi huhesabu misumari ya ubavu wa gari, hutafuta rangi halisi ya kampuni na matangazo ya mwaka husika, kisha huacha ndani ya gari viti vitupu au watu wa plastiki wasio na historia. Anayedai usahihi wa milimita moja hana udhuru wa kuukwepa usahihi wa aina hii.

Tangu miaka ya 1990 mfumo wa udhibiti wa kidijitali umeruhusu magari kadhaa kwenda mwendo tofauti juu ya njia moja, kila moja likipokea amri zake kwa anwani yake, na uchapishaji wa pande tatu umefufua magari ambayo hakuna kiwanda kingeyajali. Reli za kweli nazo zimeendelea kubadilika: San Francisco ilirudisha magari ya PCC kwenye barabara ya Market mwaka 1995, na South Shore, ya mwisho katika jamii ya treni za mji kwa mji, iliacha kupita katikati ya barabara huko Michigan City, Indiana, mwaka 2022. Mabishano makali zaidi sasa ni kati ya wanaopitisha umeme kwenye waya na wanaouacha waya uwe pambo tu, gari likila umeme wa reli au wa betri iliyofichwa sakafuni. Kundi la pili lina hoja nzito, kwa kuwa gari lao halisimami vumbi linapoingia kati ya upondo na waya. Kundi la kwanza hujibu kwamba hapo tramu imegeuka maigizo kama garimoshi, na huendelea kulipa gharama yake: gari likifika mwisho wa njia isiyo na kitanzi, mtu hulazimika kuinama juu ya meza na ndoano, akaushusha upondo wa nyuma na kuuinua wa mbele, kazi ambayo kwenye tramu za kweli ilikuwa ya kondakta.